Mgao wa Kitindamimba

Wivu wa kawaida una mahali pa kwenda. Mtu humwonea jirani mwenye ng'ombe wa maziwa, au mwenzake kazini aliyepandishwa cheo, na ukimzidi humsema pembeni mpaka roho ipoe. Wivu wa Aminiel Mtui haukuwa na pa kusemewa. Aliyemwonea alikuwa na sura yake, sauti yake na kovu lake la kidevuni, na kwa kumbukumbu za serikali mbili alikuwa ni yeye mwenyewe.

Wivu huo aliubeba hadi Ofisi ya Makazi ya Torsund, mji mkuu wa Velmark, asubuhi ya siku ya pili ya Krismasi. Alivaa suti ya kuazima na viatu vya theluji ambavyo havikuelewana na suti hata kidogo. Miaka saba alikuwa ameisubiri asubuhi hii. Ilikuwa miadi ya mwisho: akitoka humo ndani na kibali, angekuwa mkazi wa kudumu na asingeambiwa tena na mtu kwamba muda wake umekwisha. Akitoka bila kibali, ndege ya Januari ilikuwa na kiti chake.

Chumba cha kusubiri kilinuka sabuni. Mlango wa ndani ulifunguka, akatoka Mama Nabwire, mama wa Busia aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali za Torsund. Walifahamiana kwenye ibada ya Kiswahili ya Jumapili. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Mama, vipi? Wamekupa?"

"Wamenipa. Lakini wacha hiyo, Aminiel, wacha nikuambie." Aliketi karibu naye, akamshika mkono. "Nilikuwa kwa harusi ya msichana wangu, Ajiambo! Nimeiona yote. Kitambaa cha kichwa nilimfunga mimi, na hii mikono."

Wote wawili waliitazama mikono ile. Wakati Ajiambo anaolewa, mikono hiyo ilikuwa ndani ya povu hapa hapa Torsund.

"Kwa hiyo umemzima Kaimu wako," Aminiel alisema.

"Nimemrudisha," Mama Nabwire alimsahihisha, kwa sababu hilo ndilo neno la ofisi. "Kila kitu kimeingia. Hata sukuma ya jana jioni nikiionja jikoni, nasikia kwa ulimi vile chumvi ilizidi." Alicheka tena, kisha kicheko kikakatika. "Sasa ya leo sijui ni nani atampikia mzee."

"Watapata mtu."

"Eeh. Si watapata mtu." Alisimama, akaufunga mkoba wake vizuri kuliko ulivyohitaji kufungwa, akatoka nje kwenye theluji.

Aminiel alipaswa kumhurumia. Kilichomjia ni tamaa.

Velmark ilipenda kujisifu kwamba haimchukui mtu ikaacha pengo. Kila mfanyakazi aliyesafiri aliacha nyuma Kaimu. Mwili wake ulitengenezwa kiwandani, na kumbukumbu zake zilimiminwa kutoka kichwani mwa msafiri siku chache kabla ya safari. Wavelmark walikuwa na jina lao refu la kukiita kitu hicho, lakini nyumbani watu waliona kinakaa kwenye kiti cha mtu asiyekuwepo, kinahudhuria vikao na misiba kwa niaba yake, wakakiita Kaimu na mambo yakaisha. Kaimu alilima, aliuguza, alibeba majeneza. Na kila mwezi wawili hao walibadilishana siku zao. Ulilala na utepe kichwani, na asubuhi uliamka ukiwa umeishi mwezi mzima wa nyumbani: umelima, umegombana, umenyeshewa. Vifurushi, ndivyo walivyoviita. Vilikusudiwa kumzuia mtu na Kaimu wake wasije wakawa wageni.

Kwa Aminiel mambo yalikwenda vizuri hadi kifurushi cha mfongo.

Baba yake, Mzee Elifuraha Mtui wa Mamba, Kilimanjaro, alipewa jina lenye furaha na furaha yake ikaishia kwenye jina. Aminiel alipokuwa wa kwanza wilaya nzima, mzee aliipokea habari, akafikiri, akauliza kama ng'ombe wamekatiwa majani. Siku Aminiel alipoaga kwenda Velmark, mzee alimwambia afunge lango asije mbuzi akatoka. Hakuwa mkatili. Alikuwa tu mtu asiyecheka, na mwanawe alikua akidhani kicheko ni kitu ambacho baba hakuumbiwa.

Sasa, mfongo ni ule mfereji wa mababu unaoteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na kila nyumba ina zamu yake. Siku ya zamu ya kusafisha, Kaimu aliteleza. Mwili wa kiwandani ni mzito. Alikaa chini ndani ya mfongo, akauziba barabara, maji yakaanza kumpanda kifuani. Huko bondeni majirani wakapiga kelele: nani kafunga maji, Mtui umeanza uchoyo wako! Kaimu akajaribu kuinuka, akakaa tena. Na mzee, amesimama na jembe lake, alimtazama, akatazama bondeni, akacheka. Alicheka mpaka akaushika mgomba asianguke.

Aminiel aliamka kitandani Torsund akiwa na kicheko hicho masikioni na baridi ya maji ya mfongo makalioni. Kwa muda mfupi hakukuwa na mtu mwenye furaha kumshinda Velmark nzima. Kisha akakumbuka kwamba hakuwepo. Kile kitu alichokitamani utotoni mwake mote kilikuwa kimetolewa, na kilitolewa kwa mwingine mwenye uso wake. Siku hiyo alikwenda kazini kwenye mashamba ya vioo, alikokuwa akitunza migomba ya Wavelmark chini ya taa, akaipogoa vibaya mpaka msimamizi akamwuliza kama anaumwa. Jioni aliufunga mlango wa vifurushi. Hakupokea tena, wala hakutuma. Vya Kaimu viliendelea kuja kila mwezi, vikabaki nje ya mlango miaka miwili.

Kwa simu aliongea na nyumbani mara chache, na kwa ufupi, na daima na dada yake Aikande.

Lakini leo sheria ilikuwa upande wake. Leo angeweza kuchukua vyote.

*

"Bwana Mtui, ni furaha adhimu kukulaki," kilisema kishikizo kwenye ukosi wa Bi. Solvor.

Bi. Solvor mwenyewe, afisa mrefu mwenye kikohozi cha kudumu, alikuwa ametamka maneno mawili tu. Kishikizo chake cha ukalimani kilijifunza Kiswahili kwa wasomaji wa taarifa ya habari, na hakikujua kwamba watu wengine huongea vinginevyo.

"Asante, mama."

"Unafahamu kwamba Velmark hufuata kanuni ya mtu mmoja, makao mamoja. Kabla hujawa mkazi wetu wa kudumu, huna budi kuamua hatima ya Kaimu wako. Hiari ni mbili. Ya kwanza ni kumrudisha: yeye atazimwa, na kumbukumbu zake zote zitakuwa zako, kana kwamba uliziishi wewe. Ya pili ni kumkabidhi: yeye atabaki na jina lako na jamaa zako, nawe tutakupa jina jipya. Hutawasiliana nao tena, kwa kuwa hawatakuwa wako. Je, umekwisha kuamua?"

"Namrudisha," Aminiel alisema kabla kishikizo hakijamaliza mwangwi wake. "Vyote viingie. Na vile vya nyuma ambavyo sikuvipokea."

Bi. Solvor alimtazama kidogo. "Vyema. Ila sheria hutaka kwanza shahidi wa nyumbani amtambue Kaimu kuwa ni wako. Ni jambo la mara moja."

Aligusa meza. Ukuta wa mbele ukafunguka, na ua wa kwao ukaingia chumbani na mwanga wake wote.

Aminiel alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa mwanga ule. Huko ilikuwa mchana wa kiangazi, migomba imesimama, moshi unatoka chini ya masufuria, na jamaa waliorudi kwa Krismasi wako huku na huku. Katikati ya ua, juu ya majani ya migomba, palikuwa na mbuzi aliyekwisha kuchunwa. Baba yake alikaa kwenye kigoda na kisu mkononi. Aliyemshikia mbuzi mguu ili mzee akate alikuwa yeye: kidevu chake, kovu lake, mikono ya shati imekunjwa kama anavyoikunja yeye.

Aikande alijitokeza mbele, kanga kiunoni na mafuta hadi viwikoni. "Wewe Aminiel! Siku zote za mwaka umezikosa, ukachagua leo watu wana mbuzi?"

"Dada, siku wanachagua wao. Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda. Baba, Aminiel huyu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Umenenepa."

Yalikuwa hayo tu. Kisha Kaimu aliuachia mguu wa mbuzi, akajifuta mikono kwa jani, akasogea na kuinamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, kaka."

Damu ilimpanda Aminiel kichwani. Wanakumbuka tumbo moja, shule moja, homa zile zile za utotoni, halafu huyu anamwamkia shikamoo mbele ya watu! Hiyo ilikuwa dhihaka, na haikuwa na jina jingine.

"Usinichezee," alisema. "Mimi na wewe tumezaliwa siku moja."

"Hapana, kaka," Kaimu alijibu taratibu, akarudi kuushika mguu wa mbuzi.

Mzee alikata. Mkono wa kulia wa mbuzi ulitoka mzima pamoja na bega lake, mnene, na mzee aliuinua kwa mikono miwili, akampa Kaimu. Kaimu aliupokea kwa mikono miwili, akamkabidhi Aikande aupeleke jikoni. Mwili wa kiwandani hauli. Wangekula watoto wa nyumba. Lakini hakuna aliyeukodolea macho, ina maana walikwisha kuzoea.

Katika ukoo wao kila nyama ina mwenyewe. Kidari ni cha wazee, shingo ni ya mashangazi, na mkono wa kulia ni wa kitindamimba, kwa sababu yeye ndiye anayebaki nyumbani, anayerithi kihamba na kuwazika wazazi. Aminiel aliupokea mkono huo tangu alipokuwa hajui hata kutafuna vizuri. Wavulana wa mzee walikuwa yeye peke yake, na yeye ndiye aliyekuja mwisho, nyuma ya Aikande. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Alikuwa ameisikia methali hiyo mara nyingi, ila hajawahi kuitazama ikitendeka kwa kisu.

"Baba!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko suti aliyovaa. "Ule ni wangu!"

Ua mzima uligeuka kutazama. Bi. Solvor alikohoa, na kishikizo kikauliza kwa upole: "Je, kuna mgogoro wa nyama?"

Mzee Elifuraha alifuta kisu. "Huyo mama anataka nini?"

"Anataka umtambue tu," Aminiel alisema, akijikaza. "Sema huyu ni Kaimu wa Aminiel. Basi, tumemaliza."

"Sisemi uongo siku ya mbuzi."

"Uongo gani, baba?"

"Huyu siye wewe," mzee alisema. "Huyu anaitwa Ndetaulwa."

Ndetaulwa lilikuwa jina la babu yao mzaa mama. Desturi inajulikana: mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la baba wa baba, na wa pili la baba wa mama. Mama yao alimzaa Aminiel, akangoja wa pili, na wa pili hakuja. Kila kipaimara, kila ubatizo wa watoto wa majirani, alirudi nyumbani akisema kwa sauti ndogo, baba yangu mimi hana mtu. Alikufa akiwa bado analisema.

"Mwaka juzi aliacha kuwa wewe," mzee aliendelea, na haya yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia mwanawe kwa mara moja. "Nilimfokea kwa ajili ya jembe. Wewe nikikufokea unanuna wiki. Huyu akanijibu, baba, jembe nimeliweka ulipolitupa jana mwenyewe. Nikamwuliza, we ni nani? Akaniambia hata yeye hajui, kaka amefunga mlango. Sasa mtu yumo ndani ya nyumba yako, hana jina, utamwitaje? Na jina la baba wa mama yenu limekaa bure."

"Kwa hiyo mkanifuta," Aminiel alisema. "Mimi niko hai, baba. Mkampa kihamba, mkampa mgao wangu, mkanifuta."

"Usiseme ujinga," Aikande aliingilia.

"Mwache," mzee alisema. Alielekeza kisu juu, kwenye paa la jiko. "Zile ni nini?"

Juu ya mafiga, zimefungwa kwa kamba ya mgomba, zilining'inia mbavu za mbuzi, mafungu mawili, nyeusi kwa moshi.

"Amekuja nyuma yako, kwa hiyo kitindamimba ni yeye. Kihamba ni chake, na mzigo wa kunizika ni wake. Wewe ni mkubwa. Mkubwa hutoka akajenga kwake, na mgao wake ni mbavu, zinakaushwa kwa sababu ana safari. Krismasi zote mbili nimekutundikia. Ulidhani namwekea nani, paka?"

Jamaa wakacheka uani, si kwa ubaya. Aminiel hakucheka. Alikuwa akijitetea asifutwe, na kumbe hakufutwa. Alisogezwa tu, kama watu wanavyosogezana kwenye benchi mtoto mwingine anapokuja. Ilipaswa kumtosha. Haikumtosha. Mbavu zilikuwa zake, ndiyo, lakini mzee mwenyewe alikuwa upande wa mkono wa kulia, na aliyekaa naye jioni baada ya jioni alikuwa yule mwingine. Wivu wake ulikuwa umepata jina jipya tu: sasa alikuwa mkubwa anayemwonea mdogo wake.

*

"Shahidi hakumtambua," kishikizo kilisema. "Sina budi kupima mfanano."

Bi. Solvor aliweka mbele ya Aminiel kibao cha kioo. Huko Mamba, kwenye kisanduku kilichokuwa kikituma picha, Ndetaulwa aliweka kiganja chake. Juu ya meza ikatokea mistari miwili ya mwanga, alama ndogo ya mfanano katikati yake, na mstari mmoja mwekundu chini.

"Kibao husoma jinsi kila mmoja wenu anavyokumbuka na anavyoamua," Bi. Solvor alieleza. "Wanaobadilishana vifurushi hubaki pamoja, juu ya mwekundu. Hiyo ndiyo maana ya Kaimu kisheria."

Mistari ilipanda pamoja sehemu ya utoto, sehemu ya shule, sehemu ya msiba wa mama. Ikafika mwaka wa mfongo. Hapo ikaachana. Mmoja ulikwenda kushoto na mwingine kulia, na alama ya mfanano ikashuka, ikaugusa mstari mwekundu, ikapita chini yake.

Bi. Solvor aliongea polepole.

"Huyu si Kaimu wako tena. Mmeishi mbalimbali muda mrefu mno. Sheria haimjui ni nani. Inajua tu kwamba siye wewe. Sina mamlaka ya kumzima. Naweza kukupa kibali sasa hivi, pamoja na jina lako na jamaa zako wote." Alikohoa. "Lakini kuna jambo ambalo sharti nikuambie. Vifurushi ambavyo hukuvipokea bado vipo. Ukivipokea hapa, mistari hii itaungana, naye atakuwa Kaimu tena. Hiari zako mbili zitarejea. Utaweza kumrudisha, kama ulivyotaka. Usipovipokea, nitavifuta kabla sijakupa kibali, kwa maana vitakuwa ni kumbukumbu za mtu mwingine, na hakuna anayemiliki kumbukumbu za mwenzake."

"Nikivipokea tu, halafu nisimrudishe?"

"Basi itabidi umkabidhi jina lako. Haiwezekani kuwa na kumbukumbu hizo, kumwacha, na kubaki na jina lako."

Aminiel aliutazama ukuta. Waliokuwa uani walikuwa wamesikia kila neno. Aikande alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Mzee alikata nyama, ila kisu hakikuwa kinakwenda sawa.

"We," Aminiel alimwambia yule mwenye uso wake. Jina bado lilimshinda. "Humo ndani mna nini?"

"Mambo ya kawaida, kaka. Baba alivyoumwa mgongo. Dada alivyokosana na mchungaji kwa ajili ya kwaya. Ndama alipozaliwa."

"Na baba anacheka?"

Ndetaulwa alisita. Angeweza kudanganya, na Aminiel, aliyemfahamu kuliko mtu yeyote duniani, alijua kwamba angeweza.

"Anacheka," alisema. "Siku hizi hata kwa kitu kidogo. Vyote vimo. Sikupunguza."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana. Lakini nilivituma kwako kwa hiari yangu, sikuvibana, kwa hiyo sina la kulalamika." Alitazama chini. "Ila kesho ni zamu yetu ya maji, na baba hawezi kushuka mfongoni peke yake. Ukinichukua, mwambie mtu."

Aminiel alitafuta kichwani ni nani angemwambia. Hapakuwa na mtu. Watoto wa Aikande wangerudi mjini baada ya mwaka mpya, na mzee angeteremka na jembe lake, angeteleza palepale kwenye tope, na bondeni watu wangepiga kelele maji yanakuja machafu. Naye Aminiel angekuwa Torsund, chini ya taa za migomba, kichwa kimejaa vicheko vya mtu ambaye hana tena wa kucheka naye. Angevikumbuka kimoja kimoja, kama Mama Nabwire anavyokumbuka chumvi ya jana, huku leo hajui nani kapika.

Hata hivyo alivitaka. Nani asingevitaka? Alivitaka kwa namna ambayo mkono wake ulikuwa tayari juu ya kioo, na kama Bi. Solvor angemwuliza wakati huo huo angesema vinaingia, vyote, sasa hivi. Lakini Bi. Solvor alikuwa anakohoa. Kikohozi kilimchukua muda, akatafuta maji, akanywa.

"Vifute," Aminiel alisema.

"Tafadhali tamka uamuzi wako kwa ukamilifu."

"Sivipokei. Vifute vyote. Si vyangu." Alivuta pumzi. "Ni vya mdogo wangu."

Bi. Solvor aligusa meza mara moja, na mistari ikazimika. Hakukuwa na sauti yoyote. Aminiel alikuwa ametarajia angalau asikie kitu, mlango ukifungwa, au chochote kile. Roho ilimuuma kama mtu aliyetoa cha mwisho alichokuwa nacho, na hakujisikia mwema hata kidogo.

Afisa alimvisha mkononi pete nyembamba ya kioo, ya wakazi. "Hongera, Bwana Mtui. Velmark ni kwenu."

"Asante."

"Nizime ukuta?"

Aliutazama. Ndetaulwa alikuwa amekaa chini kwenye majani, na Aikande anampigapiga begani huku akilia. Mzee alikata kipande cha mbavu, akakifunga kamba, akamwashiria Ndetaulwa kwa kidevu. Ndetaulwa aliinuka, akakichukua, akakileta karibu na kisanduku ili kaka yake aone.

"Kaka, za mwaka huu hizi. Nazitundika sasa hivi."

Aminiel alizitazama. Mbavu tatu, nyembamba, nyama yenyewe ya kutafuta kwa miwani. Alikumbuka ule mkono wa kulia ulivyokuwa mnene. Na wivu wote, ule wa miaka miwili na ule wa asubuhi hii, ukamfika kwenye ulimi kwa pamoja.

"Baba, huyu amenipunja!"

"Kaka, sikukata mimi—"

"Mbavu tatu? Mbuzi mzima ana mbavu tatu? Nimetoka kwenda kujenga au nimetoka kwenda kufunga kula?"

"Mbuzi mwenyewe alikuwa mwembamba, kaka."

"Alikuwa mwembamba upande wangu tu? Mkono wako mbona haukukonda? Ulete niuone tena!"

Kwanza kilianguka kisu. Kisha mzee akashika kigoda kwa mkono mmoja na kanga ya Aikande kwa mwingine, mabega yakamtikisika, na kicheko kikamtoka, kikavu kidogo mwanzoni, kisha kikafunguka. Alicheka huku akimtazama Aminiel, akamgeukia Ndetaulwa aliyesimama na mbavu zake tatu mkononi, akacheka zaidi. Kicheko hicho Aminiel hakukipokea kwa utepe. Kilimfikia akiwa macho, amekaa, amevaa suti ya watu, na hakujua sehemu yake ni ipi na ya mdogo wake ni ipi.

Bi. Solvor alikuwa ameinua kidole juu ya meza, akisubiri. "Je," kishikizo kiliuliza, "mgogoro wa nyama umekwisha kutatuliwa?"

"Bado," alisema Aminiel. "Tafadhali, mama, usizime. Bado kabisa."